Riwaya za Ayalandi na Urithi Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wasomaji wa riwaya kutoka Ayalandi, na wale wanaotaka kuanza, ambao kila baada ya kurasa chache hukutana na jambo ambalo mwandishi hakujisumbua kulieleza: jina lisilotamkika, mti usiokatwa, msiba wenye chai na vicheko. Tumeanza na vitabu vyenyewe, kisha mila zilizo nyuma yake, halafu mambo unayoweza kuyafanya kwa mikono yako.

Kwa nini riwaya hizi hupendwa hata na watu ambao hawajawahi kufika huko?

Kwa sababu zinasikika. Mwandishi wa Kiayalandi, hata yule anayeandika vitabu vya kusomwa likizoni, huandika kama mtu aliyeketi mbele yako anakupa habari za nyumba ya pili. Kisiwa kizima, Jamhuri na Ayalandi ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza pamoja, kina watu wapatao milioni 7 tu, lakini kimetoa washindi wanne wa Nobeli ya fasihi: Yeats mwaka 1923, Shaw 1925, Beckett 1969 na Heaney 1995. Tuzo ya Booker nayo imekwenda huko mara kwa mara: Roddy Doyle 1993, John Banville 2005, Anne Enright 2007, Anna Burns 2018, Paul Lynch 2023.

Chanzo cha sauti hiyo ni utambaji. Hadi karne ya 20, vijiji vya magharibi, hasa Kerry, Galway, Mayo na Donegal, vilikuwa na mtambaji aliyeitwa seanchaí, hutamkwa "shanakhi". Siku za baridi jua huko huzama mapema jioni. Majirani walikusanyika nyumba moja, wakauzunguka moto wa udongo mweusi wa kinamasi uliokaushwa, na hadithi ndefu za mashujaa zikatambwa usiku kucha, kama ambavyo jamii nyingi za kwetu zilivyoona ni mwiko kutamba ngano mchana. Mtambaji hakukimbilia mwisho. Alipita kwa shangazi wa mhusika, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, kwa ng'ombe aliyepotea, ndipo akarudi kwenye kisa.

Ukiisoma riwaya ya Ayalandi ukidhani mwandishi amepotea njia, mwache. Mara nyingi kile kilichoonekana ni porojo za jirani ndicho kinachobeba kisa kizima, na jambo zito kuliko yote ndilo ambalo hakuna anayelitamka.

Nianze na kitabu gani?

Anza na kifupi. Claire Keegan ametoa *Foster* mwaka 2010 na *Small Things Like These* mwaka 2021, na kila kimoja unakimaliza kwa jioni mbili. Cha pili kinamhusu mfanyabiashara wa makaa ya mawe katika mji wa New Ross, kuelekea Krismasi ya 1985, anayekuta jambo kwenye banda la makaa la watawa. Kukielewa kunahitaji ujue kitu kimoja: zilikuwapo nyumba za kufulia nguo zilizoendeshwa na masista, ambako wasichana waliopata mimba nje ya ndoa, na wengine wengi waliohesabiwa kuwa mzigo, walifungiwa na kufanyishwa kazi bila ujira. Ya mwisho ilifungwa mwaka 1996, na serikali iliomba radhi rasmi mwaka 2013.

Ukitaka riwaya nene ya kukaa nayo wiki nzima, mchukue Maeve Binchy. Alikuwa mwalimu, kisha mwandishi wa gazeti, na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1982. Yeye ndiye aliyeufanya mji mdogo wa Ayalandi ujulikane duniani kote: duka moja, kanisa moja, daktari mmoja, na siri ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mwenyewe. Wapo wanaomdharau kwa kuwa ni mwepisi kusomeka. Hatukubaliani nao. Kuwaongoza wahusika ishirini bila msomaji kumsahau hata mmoja ni ufundi mgumu.

Wa kuchekesha ni Roddy Doyle na Marian Keyes, ingawa Keyes hukuchekesha huku akikusimulia ulevi, msongo wa mawazo na ndoa zinazovunjika. Wa upelelezi ni Tana French, kuanzia *In the Woods* ya 2007. Wa uhamiaji ni Colm Tóibín: *Brooklyn* ya 2009 inamfuata msichana kutoka Enniscorthy hadi New York katika miaka ya 1950.

Na James Joyce je?

Usianze na *Ulysses*, kitabu chake cha 1922, kile kinachopita siku moja tu ya Dublin, tarehe 16 Juni 1904. Wengi hukifunga sura ya tatu na kudhani fasihi yote ya huko iko hivyo. Anza na *Dubliners* ya 1914, hadithi fupi 15. Soma kwanza "Eveline", kurasa chache tu za msichana aliyesimama bandarini akishindwa kupanda meli, halafu ya mwisho kabisa, "The Dead". Ukizipenda hizo mbili, mlango umefunguka.

Mbona mazungumzo hayana alama za mnukuu?

Si kosa la uchapaji. Joyce alitumia kistari mwanzoni mwa usemi, Doyle akafuata, na Sally Rooney haweki alama yoyote. Kanuni ya kusoma: kistari kipya ni msemaji mpya. Pasipo alama kabisa, soma kwa sauti ya chini na utasikia mahali msemaji anapobadilika.

Mbona wahusika hawaachani tu? Mbona yule binti hakusema kwamba ni mjamzito?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye tarehe. Kabla hujamlaumu mhusika, angalia kisa kinatukia mwaka gani, halafu linganisha na haya.

Talaka haikuruhusiwa na katiba hadi kura ya maoni ya mwaka 1995, iliyopita kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja ya kura. Mwanamke mtumishi wa serikali alilazimika kuacha kazi akiolewa, hadi 1973. Dawa za kuzuia mimba ziliruhusiwa kwa sheria ya 1979, tena kwa cheti cha daktari; ni mwaka 1985 ndipo mtu mzima alipoweza kununua kondomu bila cheti. Utoaji mimba uliwekewa kizuizi ndani ya katiba mwaka 1983, na kizuizi hicho kikaondolewa kwa kura mwaka 2018. Ndiyo maana katika riwaya nyingi msichana "anakwenda Uingereza kwa shangazi", na wazazi hawaulizi zaidi. Feri ya kwenda Liverpool au Holyhead ni mhusika kamili katika vitabu hivi.

Ardhi nayo ina uzito wake. Wakulima walikuwa wapangaji kwa vizazi, na sheria ya 1903 ndiyo iliyowawezesha wengi kununua mashamba waliyoyalima. Kijishamba kikapewa mtoto mmoja, mara nyingi wa kiume, na mara nyingi baba alikataa kumkabidhi hadi kijana mwenyewe anaota mvi. Waliobaki walikuwa na njia tatu: upadri au utawa, kazi mjini, au meli. Ukikuta ndugu wawili hawasemeshani kwa miaka thelathini kwa ajili ya ukanda wa ardhi wenye mawe, mwandishi hajatia chumvi.

Nyuma ya yote hayo kuna njaa kuu ya 1845 hadi 1852. Ugonjwa wa viazi uliharibu chakula pekee cha maskini, huku nafaka na mifugo vikiendelea kusafirishwa nje. Walikufa watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Ya 1851 ikakuta milioni 6 na nusu hivi. Kisiwa hakijarudi idadi ile hadi leo.

Ni kweli vitabu vyao vilipigwa marufuku nyumbani kwao?

Kweli kabisa. Sheria ya 1929 iliunda bodi ya kukagua machapisho, na waandishi wengi wakubwa wa kizazi kile waliangukia humo. Edna O'Brien alipigwa marufuku kwa riwaya yake ya kwanza mwaka 1960, kwa kuwa iliwaonyesha wasichana wa kijijini wenye tamaa zao. John McGahern alipoteza kazi ya ualimu baada ya riwaya yake ya 1965. Mwaka 1967 sheria ililegezwa: marufuku ya kitabu ikawa inaisha yenyewe baada ya miaka 12. Ukishangaa kwa nini waandishi wengi wa huko waliishi London, Paris au New York, anzia hapa.

Majina yanatamkwaje?

Msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu sauti kama "kh" ya kheri na "gh" ya ghali anazo tayari. Shika kanuni hizi nne. Herufi "bh" na "mh" husomwa v, au w mahali pengine. "S" ikiwa jirani ya "i" au "e" huwa "sh". "C" daima ni "k". Mkwaju juu ya irabu huirefusha.

Kwa hiyo Siobhán ni Shivoon, Niamh ni Niiv, Aoife ni Iifa, Oisín ni Oshiin, Sadhbh ni Saiv, Tadhg ni Taig, Méabh ni Meiv. Saoirse utasikia Siirsha au Sersha, kutegemea mkoa. Waziri mkuu huitwa Taoiseach, yaani Tiishakh. Mji wa bandari Dún Laoghaire ni Dan Liiri. Kosa la kawaida ni kutamka kila herufi iliyoandikwa. Nyingi ziko pale kuonyesha kama konsonanti ya jirani ni nyembamba au nene.

Kiingereza chao kinanipiga chenga. Nifanyeje?

Kiingereza cha Ayalandi kimejengwa juu ya Kigaeli, lugha ya asili ambayo bado ni lugha rasmi ya kwanza ya taifa. Mtu akisema "I'm after losing my keys" hatafuti funguo. Anasema ametoka kuzipoteza sasa hivi. "Giving out" ni kugomba. "Press" ni kabati. "Your man" ni yule jamaa, wala si mume wa mtu. "Grand" mara nyingi ni sawa tu, haina ukuu wowote.

Kigaeli pia hakina neno moja la ndiyo wala hapana. Mtu hurudia kitenzi. Ndiyo maana wahusika wakiulizwa "Did you eat?" hujibu "I did". Msomaji aliyezoea "Umekula?" "Nimekula" hahitaji maelezo zaidi.

Kwa nini misiba inajaa chai, vicheko na watu wasiojulikana?

Marehemu hulazwa nyumbani kwake, au siku hizi katika nyumba ya shughuli za mazishi, na maziko hufanyika baada ya siku mbili au tatu. Kwa desturi ya zamani saa ilisimamishwa, kioo kikafunikwa, dirisha likafunguliwa roho ipite, na maiti haikuachwa peke yake hata dakika. Rozari ilisaliwa usiku wa manane. Kabla na baada yake palikuwa na chai, tumbaku, hadithi na hata michezo ya kelele ambayo maaskofu waliilaani kwa karne kadhaa bila mafanikio.

Hadi leo kutokwenda kwenye msiba ni jambo linalokumbukwa, na ukifika unampa mkono kila mwanafamilia aliyeketi kwenye mstari na kusema "Sorry for your trouble". Msomaji aliyekulia palipo na matanga atatambua sura hizi mara moja: anayehesabu waliokuja, anayeshika birika, anayelia kuliko wenye msiba.

Nikitaka kujua visasili na mighani, nianzie wapi?

Wataalamu huvigawa mafungu manne: la miungu ya kale, la Ulster (jimbo la kaskazini), la shujaa Fionn na askari wake, na la wafalme. Fungu la Ulster ndilo lenye utendi mkubwa wa wizi wa fahali, *Táin Bó Cúailnge*. Malkia Medb wa Connacht, jimbo la magharibi, anamtaka fahali wa kahawia ili mali yake ilingane na ya mumewe; anayemzuia mpakani ni kijana mmoja tu, Cú Chulainn, kwa sababu wanaume wa Ulster wote wamelala chini kwa laana ya uchungu wa uzazi. Sanamu yake akifa amejifunga kwenye jiwe iko ndani ya posta kuu ya Dublin, jengo lililokuwa makao ya walioasi utawala wa Uingereza mwaka 1916.

Cha kuwasomea watoto ni watoto wa Lir, waliogeuzwa bata maji weupe kwa miaka 900: 300 kwenye ziwa Derravaragh, 300 kwenye bahari kati ya Ayalandi na Skotilandi, 300 kando ya kisiwa cha Inishglora. Kinaumiza, na hakina haja ya kulainishwa.

Hao viumbe wa vilimani wanaotajwa kwenye riwaya ni wazuri au wabaya?

Sahau picha ya kizee kifupi mwenye kofia ya kijani na chungu cha dhahabu. Huyo amekuzwa na wauza zawadi. Wanaoaminiwa kijijini ni aos sí, watu wa vilima. Wana nyumba, ng'ombe, vita na harusi zao, na wanaishi kando ya binadamu. Anayeyajua masimulizi ya majini wa pwani ataelewa upesi kuliko anayejua katuni: hawatajwi ovyo, hawakasirishwi, na makazi yao hayajengwi juu. Makazi hayo ni maboma ya udongo ya mviringo, mabaki ya mashamba ya kale yanayozidi 40,000 nchini, na miti ya miiba iliyosimama peke yake uwanjani.

Mwaka 1999 barabara kuu ilipokuwa ikipangwa kupita Latoon, wilaya ya Clare, mtambaji Eddie Lenihan alipinga hadharani kukatwa kwa mti mmoja wa namna hiyo. Mti ukabakizwa, ukazungushiwa uzio.

Upande wa giza pia upo. Mwaka 1895 huko Ballyvadlea, Tipperary, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe aliyedai kwamba mke wake halisi amechukuliwa na aliyebaki ni kiumbe kilichoachwa badala yake. Riwaya nzuri zinazogusa imani hizi hubeba pande zote mbili.

Je, kila ukoo una mtindo wake wa sweta ili maiti ya baharini itambulike?

Hapana. Sweta za visiwa vya Aran zilizofumwa kwa mafundo mazito ni za mwanzoni mwa karne ya 20, na chati za "mtindo wa ukoo wako" ni biashara. Wazo la kutambua aliyekufa maji lilipata nguvu kutokana na tamthilia ya J. M. Synge ya 1904, ambamo dada anamtambua kaka yake kwa kuhesabu mishono ya soksi. Ni soksi, na ni mishono aliyoiangusha yeye mwenyewe.

Ukinunua, soma lebo. Tafuta sufu 100% na maneno yanayosema imefumwa kwa mkono, maana "imetengenezwa Ayalandi" pekee huweza kuwa ya mashine. Ifue kwa maji baridi bila kuikamua, uikaushe ikiwa imelazwa. Ukiianika kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta mikono hadi magotini.

Ule mkate wa soda unaotajwa kila jikoni unapikwaje?

Ngano ya Ayalandi ni laini na haina nguvu ya kutosha ya kuumuka vizuri kwa hamira. Bikaboneti ya soda ilipofika karne ya 19, ikakutana na maziwa machachu yaliyobaki baada ya kusukwa siagi, na hapo mkate wa kila siku ukapatikana. Unahitaji vitu vinne tu:

- unga wa ngano gramu 450, uwe wa kawaida, si ule wenye nguvu wa mikate wala uliotiwa baking powder tayari
- bikaboneti ya soda kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu
- chumvi kijiko kimoja cha chai
- maziwa machachu mililita 350 hadi 400

Mtindi, au maziwa mala kwa Kenya, yanafaa kabisa mradi hayana sukari. Yakiwa mazito yapunguze kwa maji hadi yamiminike. Usipoyapata, tia kijiko kikubwa cha maji ya limau kwenye maziwa ya kawaida, uyaache dakika 10 yakatike.

Washa oveni kwanza, ifike nyuzi 230 za Selsiasi kabla hujagusa unga. Chekecha vitu vikavu pamoja, maana donge la soda likibaki litaacha doa la manjano lenye ladha ya sabuni. Tengeneza shimo katikati, mimina karibu maziwa yote, kisha zungusha mkono mmoja uliotanua vidole kutoka katikati kwenda nje. Unga ukishashikana, acha. Usiukande kama wa chapati. Uweke kwenye meza yenye unga mkavu, uviringishe uwe duara lenye unene wa sentimita 4 hivi, uukate msalaba wa kina kutoka ukingo hadi ukingo. Wazee husema msalaba unawatoa watu wa vilima. Kazi yake ya pili ni kupitisha joto katikati, pasipoiva haraka.

Oka dakika 15, punguza hadi nyuzi 200, uendelee kwa dakika 30. Ugonge chini: ukisikika kama ngoma tupu, umeiva. Uzungushie kitambaa kikavu ukitaka ganda laini.

Ukitoka mgumu kama jiwe, umeukanda. Ukitoka bapa na mzito, umeuchelewesha: soda huanza kutoa hewa mara tu inapokutana na uchachu, kwa hiyo kutoka kumimina hadi kuingia motoni zisipite dakika tano. Ukitoka wa kijani-njano na mchungu, soda imezidi.

Huna oveni? Wenyewe hawakuwa nayo. Walioka kwenye chungu cha chuma chenye miguu mitatu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Sufuria nzito juu ya jiko la mkaa hufanya kazi ileile. Weka makaa mengi juu kuliko chini, la sivyo kitako kitaungua kabla kati hakujaiva.

Msalaba wa Brigid unasukwaje?

Husukwa mkesha wa tarehe 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigid na mwanzo wa majira ya kuchipua. Tangu 2023 kuna siku ya mapumziko ya kitaifa kwa heshima yake. Huko hutumia nyasi za kinamasi, hung'olewa wala hazikatwi. Chane za ukindu zilizolowekwa zinafaa pia.

Andaa 20 hivi zenye urefu wa sentimita 30. Shika moja wima. Kunja ya pili katikati, ipitishe katikati ya ya kwanza, ncha zake mbili zielekee kulia. Bana kwa kidole gumba na uzungushe kazi robo duara kinyume cha saa, ncha zile zielekee juu. Kunja ya tatu kuzunguka hizo zinazoelekea juu, ncha kulia, uzungushe tena. Endelea hivyo hadi mraba wa katikati uonekane wazi, kisha funga mikono yote minne kwa uzi na ulinganishe ncha kwa mkasi. Kazi ikilegea, umeachia kidole wakati wa kuzungusha. Ikivunjika, nyasi zilikuwa kavu. Msalaba hutundikwa juu ya mlango kuikinga nyumba na moto na njaa.

Kwenye riwaya watu hupiga muziki baa bila jukwaa. Kuna utaratibu?

Upo, na ni mkali. Wanamuziki huketi wakitazamana. Wasikilizaji ni wageni wao. Wimbo mmoja una sehemu mbili zenye vipimo vya muziki (bars) vinane, kila moja ikirudiwa, jumla 32. Hupigwa mara mbili au tatu, kisha kikundi huhamia wimbo mwingine bila kusimama. Mtu akianza kuimba peke yake, ukimya ni lazima, hata mhudumu huacha kugonganisha glasi. Usiende na ngoma ya mkono uliyonunua jana. Zumari la kiwiko, linalopulizwa kwa mvukuto chini ya mkono, lina msemo wake: miaka 7 ya kujifunza, 7 ya kufanya mazoezi, 7 ya kupiga. UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2017.

Kuna uhusiano wowote na kwetu?

Upo, na mzito wake ni Kongo. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin aliyekuwa konsuli wa Uingereza, alipanda Mto Kongo mwaka 1903 na kuandika ushahidi wa waliokatwa mikono na vijiji vilivyokimbiwa kwa ajili ya utomvu wa mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ripoti yake ilitolewa 1904. Baadaye alijiunga na harakati za uhuru wa Ayalandi, akakamatwa pwani ya Kerry Aprili 1916, akanyongwa London tarehe 3 Agosti mwaka huohuo.

Kwa upande wa fasihi, jina la riwaya maarufu ya Achebe ya 1958, *Things Fall Apart*, limetoka kwenye shairi la Yeats. Na huko Iten, Kenya, Bruda Colm O'Connell kutoka Cork alifika kufundisha shule ya St. Patrick's mwaka 1976. David Rudisha ni mmoja wa wanariadha aliowalea.

Naweza kusoma bila kulipa?

Vya zamani, ndiyo. Project Gutenberg ina *Dubliners*, *Dracula* ya Bram Stoker (naye ni mtu wa Dublin, alizaliwa Clontarf 1847), na visasili vilivyosimuliwa upya na Lady Gregory mwaka 1902 na 1904. Hazina kubwa zaidi ni tovuti ya dúchas.ie. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi walitumwa kuwauliza wazee wao habari za kale, na daftari zao zimewekwa wazi: tiba, vitendawili, visima vitakatifu, jinsi ya kusindika siagi. Tafuta kwa jina la wilaya inayotajwa kwenye riwaya unayoisoma.

Nikipata nafasi ya kwenda, nijue nini mapema?

Ayalandi haimo katika Schengen, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi. Raia wa Kenya na Tanzania wanahitaji viza ya Ayalandi yenyewe. Kaburi la Newgrange, lililojengwa karibu 3200 KK, hulifikii kwa gari lako. Unaanzia kituo cha wageni cha Brú na Bóinne na kupelekwa kwa basi, na tiketi za kiangazi huisha mapema. Wanaoingia ndani asubuhi za kuzunguka tarehe 21 Desemba, jua linapopenya njia ya mita 19 hadi chumba cha ndani, huchaguliwa kwa bahati nasibu. Tarehe 16 Juni Dublin hujaa wasomaji wa Joyce. Weka nafasi ya kulala miezi kadhaa kabla. Na Blasket Kubwa, kisiwa kilichotoa watambaji na waandishi wengi kabla wakazi wake hawajahamishwa mwaka 1953, hufikiwa kwa boti bahari inapotulia tu, basi jipe siku mbili za akiba upande wa Dún Chaoin.